Ijumaa Kwenda, Jumapili Kurudi: Kipindi cha Wahudumu wa Ndege Kilichozimwa Mapema

Tarehe 2 Januari 2018 kituo cha Fox cha Marekani kilianza kuonyesha kipindi kipya cha vichekesho kilichoitwa LA to Vegas, na tarehe 1 Mei mwaka huo huo kikaonyesha sehemu ya 15, ambayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Mwezi huo haukuisha kabla kipindi hakijafutwa. Wengi hawakupata kujua kwamba kiliwahi kuwapo, na waliokijua hawakupiga kelele kama zilizopigwa kwa ajili ya vipindi vingine vilivyokatwa na kituo hicho katika siku hizo hizo. Mimi nilisikitika kweli. Wakati huo nilikuwa mhudumu wa ndege katika shirika moja la Ghuba, nikiishi katika jengo la wafanyakazi pamoja na Wakenya na Watanzania kadhaa, na sikuwa nimewahi kuona kichekesho cha televisheni ambacho watungaji wake walikuwa wameielewa shida kubwa ya kazi yetu.

Mtu akisikia shida ya kazi ya ndege hufikiria abiria mlevi, au usingizi uliovurugwa na tofauti za saa kati ya nchi na nchi. Hayo yapo, na yana dawa zake. Lisilo na dawa ni kwamba kazi hii hutawanya watu. Katika mashirika makubwa yenye maelfu ya wahudumu, rosta ya mwezi inapotoka unaona miji na saa, na majina ambayo huyajui. Mnakutana katika chumba cha maelezo kabla ya safari, kila mmoja anataja jina lake, mnagawiwa milango na sehemu za kazi, mnaulizwa maswali ya usalama na ya huduma ya kwanza, kisha mnapanda basi kuelekea kwenye ndege mkiwa mmeshaanza kuitana wapenzi. Mkisharudi, kila mtu huburuta sanduku lake kwenda kwake, na inawezekana kabisa msionane tena maishani.

Katikati ya mambo hayo mawili kuna kiti cha kukunja. Wakati wa kuruka, wahudumu wawili hukaa bega kwa bega, mara nyingi wakiwatazama abiria, mikanda ikiwa imewabana mabegani. Kwa nusu dakika hakuna anayesema neno, kwa sababu kila mmoja anapitia moyoni yale aliyofundishwa: hii ni ndege ya aina gani, mlango huu unafunguliwa vipi, nje kuna moto au maji, ni abiria yupi kwenye safu za karibu mwenye nguvu za kunisaidia. Ndege ikishatulia angani ndipo maneno yanapofunguka, na mtu uliyemfahamu kwa saa mbili tu anakusimulia ndoa yake ilivyovunjika, deni la nyumba anayowajengea wazazi, na mchumba asiyepokea simu. Nimezibeba siri za watu wengi ambao leo nikipishana nao njiani sitawatambua.

Sasa weka hali hiyo kando ya mahitaji ya vichekesho vya televisheni. Vichekesho vya aina hii vinadai watu wale wale, mahali pale pale, kila wiki, mpaka mtazamaji awe amezizoea tabia zao kiasi cha kucheka kabla hawajafungua mdomo. Tuliolelewa na Vioja Mahakamani tunaujua mpango huo vizuri: washtakiwa hubadilika na kesi hubadilika, lakini kizimba, hakimu na mwendesha mashtaka tunaowafahamu wapo. Mtunzi anayetaka kuandika kichekesho cha wahudumu wa ndege hugongana mara moja na ukweli kwamba kazi yenyewe haina kizimba. Chumba kinasogea, wenyeji wake hubadilishwa kila siku, na wageni wake hawarudi.

Waliojaribu kabla ya hapo walipita njia mbalimbali za kulikwepa jambo hili. Wings, iliyoonyeshwa na kituo cha NBC cha Marekani kuanzia mwaka 1990 hadi 1997, ilisimulia habari za ndugu wawili wenye shirika dogo la ndege katika kisiwa cha Nantucket, na ikadumu kwa misimu minane. Siri yake ni kwamba haikuwa na haja kubwa ya kuruka. Mambo yake mengi yalitokea ndani ya jengo la abiria, kwenye kaunta ya tiketi na kwenye meza za chakula, ambako rubani, fundi na mwuza chakula walikuwa wakikutana kila siku kama watu wa kijiji kimoja. Hiki kilikuwa kichekesho cha ndege kilichobaki ardhini, na kwa mtazamo wangu ndiyo sababu kiliishi muda mrefu kuliko ndugu zake wote.

Waskoti walichagua njia ya kuuacha ukweli wenyewe. Alan Cumming na Forbes Masson, waliokuwa wamesoma pamoja katika chuo cha maigizo mjini Glasgow, waliandika The High Life kwa ajili ya BBC na kujipa nafasi za wahudumu wawili wa shirika la kubuni, Air Scotia, lenye makao yake Prestwick. Msimamizi wao alikuwa Shona Spurtle, mwanamke mkali aliyechezwa na Siobhan Redmond kwa namna ambayo kila aliyewahi kusimamiwa ndani ya ndege atamtambua. Lakini kipindi kilikuwa cha nyimbo, dansi na visa visivyowezekana, na hakikujali kama safari ilianza au iliishia wapi. Baada ya sehemu ya majaribio ya mwaka 1994 zilifuata sehemu sita mwanzoni mwa 1995, kisha Cumming akaonekana katika filamu ya James Bond mwaka huo huo na mambo yake yakahamia kwingine. Kuhusu Come Fly with Me, ya Matt Lucas na David Walliams, iliyoonyeshwa na BBC mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011, sina mengi ya kusema: watu wawili walijipaka rangi ili waigize abiria na wafanyakazi wa kila taifa, na nikikitazama leo naona aibu hata pale ninapokuwa nimecheka.

LA to Vegas ilikuja na jibu ambalo ukilisikia unajiuliza kwa nini halikufikiriwa mapema. Mtunzi wake, Lon Zimmet, alichagua safari moja tu. Ndege ya shirika la kubuni la Jackpot Airlines inaondoka Los Angeles Ijumaa jioni na kurudi kutoka Las Vegas, mji wa kamari, Jumapili, na ndani yake kuna abiria ambao hupanda kila wiki. Yupo Artem, Mrusi mcheza kamari. Yupo Nichole, anayekwenda kucheza dansi katika klabu za Vegas na kurudi nyumbani wiki ikianza. Yupo Colin, profesa Mwingereza anayefundisha Los Angeles huku mwanawe mdogo akiishi Vegas na mama yake. Wote wana sababu ya kweli ya kukalia viti vile vile wiki baada ya wiki, na papo hapo kizimba kimepatikana.

Hili si jambo la kubuni tu. Kati ya miji hiyo miwili kuna takribani kilomita 380 kwa anga, na aliye na gari huchukua barabara kuu ya Interstate 15 kupitia jangwani kwa saa nne ikiwa barabara ni nyeupe, jambo ambalo Ijumaa jioni ni nadra. Kwa hiyo wapo watu ambao kwao ndege hii ni daladala. Mhudumu anayepangiwa njia fupi ya namna hiyo mara kwa mara huanza kuzifahamu sura, hujua nani anataka maji bila barafu na nani ataomba kiti cha mbele ili ashuke mapema. Hata mimi, katika njia za masafa mafupi tulizokuwa tukizirudia za kwenda na kurudi siku moja, niliwahi kusalimiwa kwa jina na mfanyabiashara wa vipuri aliyekuwa akisafiri mara nyingi kuliko wahudumu wenyewe, na kwa dakika hizo nilijisikia kama mtu mwenye duka mtaani.

Mpangilio wa Ijumaa na Jumapili una faida nyingine ambayo waandishi waliitumia vizuri. Kila abiria anaondoka akiwa na matumaini na kurudi akiwa na matokeo. Safari ya kwenda imejaa kelele, watu wamepaka manukato, wapo wanaokwenda kufunga ndoa na wapo wanaokwenda kusherehekea talaka. Safari ya kurudi ni kimya cha watu wenye macho mekundu na mifuko mitupu, au mara chache ni kelele ya mmoja aliyeshinda na asiyejua pa kuziweka fedha zake. Kisa chenyewe kilichotokea Vegas mara nyingi hatuhitaji kukiona. Mtazamaji anaupata mwanzo na mwisho, na katikati anajijazia mwenyewe, kama sisi wahudumu tunavyofanya kila siku tunapomwona mtu akipanda na maua na siku chache baadaye akirudi peke yake.

Katikati ya watu hawa yuko Ronnie, mhudumu aliyechezwa na Kim Matula, ambaye wapenzi wa tamthilia ya The Bold and the Beautiful walikuwa wamemzoea kama Hope Logan. Ronnie ni hodari, ana utani wa haraka, na amechoka. Anatamani shirika kubwa zaidi, njia ndefu zaidi, miji yenye majina mazuri zaidi. Anayemsaidia ni Bernard, aliyechezwa na Nathan Lee Graham, mwanamume mrembo wa mavazi na wa maneno ambaye hamwonei haya abiria wala rubani. Ninapowatazama wawili hawa jikoni mwa ndege, wakisengenya huku mikono ikiendelea kupanga vikombe, ninaona kitu ambacho tamthilia kubwa kama Pan Am ya mwaka 2011, pamoja na sare zake za buluu na Paris yake ya kupendeza, haikuweza kunipa kwa kiwango hicho: kazi ikifanyika wakati maneno yanasemwa.

Kuwapo kwa Bernard ndani ya ndege hiyo kuna historia ambayo inafaa kukumbukwa. Ellen Church, anayehesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kufanya kazi hii katika ndege za abiria, aliruka tarehe 15 Mei 1930 kutoka Oakland kuelekea Chicago, na alikuwa muuguzi. Baadaye mashirika ya Marekani yaliifanya kazi hiyo kuwa ya wasichana peke yao, na mengi yakawa yanawaondoa wakiolewa au wakifikisha umri wa miaka 32 au 35. Ilichukua Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 na kesi nyingi baada yake kuzivunja kanuni hizo. Mwanamume mmoja aliyeitwa Celio Diaz aliishtaki Pan Am, shirika lenyewe la ndege, kwa kumnyima kazi hiyo kwa sababu ya jinsia yake. Shirika lilijitetea kwamba abiria hupendelea kuhudumiwa na wanawake, na mwaka 1971 mahakama ya rufaa ikasema kwamba kazi ya msingi ya shirika la ndege ni kuwasafirisha abiria kwa usalama, na kwamba jambo hilo halihitaji mwanamke. Kila mzaha wa Bernard umesimama juu ya hukumu hiyo, ingawa yeye hana muda wa kuitaja.

Kisha yupo Kapteni Dave. Dylan McDermott alikuwa amejijengea jina kama mwanasheria mwenye uso mzito katika The Practice, kazi iliyompa tuzo ya Golden Globe mwaka 1999, na hapa alipewa masharubu na nafasi ya rubani anayejiona nyota wa sinema anayepita kwa bahati mbaya katika shirika la bei nafuu. Alikuwa mchekeshaji mkubwa kuliko wote ndani ya ndege hiyo, na nadhani hata yeye alishangaa. Mimi humcheka kwa sababu hachezi kichekesho. Anaamini kila neno linalotoka kinywani mwake, na ile sauti ya mahakamani anaitumia kuwatangazia abiria mambo yasiyo na maana hata kidogo. Kipindi kilimleta pia Dermot Mulroney kama rubani mwingine, Kapteni Steve, hasimu aliyefanikiwa zaidi. Utani huo una mizizi nje ya hadithi: Wamarekani wamezoea kuwachanganya waigizaji hawa wawili kwa sababu ya majina yao, kiasi kwamba mwaka 2012 kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live kilitengeneza mchezo mzima wa kubahatisha ni nani kati yao. Kuwasimamisha wawili hao mbele ya kamera moja, wakichukiana, ni utani wa aina inayohitaji subira ya miaka sita kuiva.

Katika nyumba yetu kipindi hiki tulikitazama kwa namna ambayo nina hakika waandishi hawakuikusudia. Tulikuwa na dada mmoja wa Tanga aliyekuwa na cheo kuliko sisi wengine, mwenye ukali wa mkaguzi hata akiwa amevaa kanga, na kazi yake ilikuwa kuisimamisha picha. «Jamani, toroli hilo limeachwa bila breki!» anasema, na hatuendelei mpaka kila mtu amekiri kwamba ni kweli. Au anaona watu wamesimama kwenye njia ndege ikiwa karibu kutua, anageuka na kutuuliza, kama vile tuko kwenye chumba cha maelezo, «Haya, nani mhusika hapo?» Tukacheka kuliko tulivyochekeshwa na kipindi chenyewe, kisha tukarudisha picha nyuma kwa sababu tulikuwa tumepitwa na maneno ya Bernard.

Makosa yenyewe yalikuwa mengi, na baadhi yanachekesha ukiyajua. Sheria ya Marekani inadai mhudumu mmoja kwa kila viti 50 au sehemu yake, maana yake ndege yenye viti zaidi ya 100 haiwezi kuondoka ikiwa na Ronnie na Bernard peke yao. Mahali fulani nyuma ya pazia lazima awepo mwenzao wa tatu, na huyo ninamfikiria sana: anafanya kazi yote wakati hawa wawili wanapiga soga na Artem. Pia, tangu mwaka 1981 marubani wa Marekani wamekatazwa mazungumzo na matangazo yasiyo ya lazima ndege ikiwa chini ya futi 10,000 na wakati inapotembea uwanjani. Katika safari ambayo ndege haikai angani hata saa nzima, ukiondoa kupanda na kushuka, muda halali wa Kapteni Dave kujisifu kwenye kipaza sauti unabaki mdogo. Angenyang'anywa leseni kabla ya msimu kufika katikati.

Lakini yapo mambo ambayo walikuwa wameyapata sawasawa, na kubwa kuliko yote ni cheo cha njia fupi. Kwa mtu wa nje, anayeruka kwenda Las Vegas ameruka kama anayeruka kwenda Tokyo. Ndani ya kazi yetu si hivyo hata kidogo. Nchini Marekani, kwa miaka mingi mshahara wa mhudumu ulihesabiwa kwa saa kuanzia mlango unapofungwa mpaka unapofunguliwa, kwa hiyo zile dakika za kupokea abiria, kugombana na mabegi, kutenganisha familia na kuiunganisha tena, zilikuwa nje ya saa za malipo. Shirika la Delta lilianza kulipia upandishaji wa abiria mwaka 2022, tena kwa nusu ya kiwango, na jambo hilo likahesabiwa kuwa habari kubwa. Sasa fikiria njia ya saa moja. Mhudumu hupokea abiria mara nyingi zaidi kwa siku kwa saa chache zaidi za kulipwa. Uchovu wa Ronnie, hamu yake ya njia ndefu, ule mtazamo wake kwa wahudumu wa mashirika makubwa wanapopita uwanjani na sare zilizopigwa pasi, vyote vina hesabu nyuma yake. Mtazamaji wa kawaida ataona msichana mwenye ndoto. Sisi tuliona mtu anayezijua namba.

Na hapo ndipo urafiki unapoingia. Mtu ambaye kazi yake haimpi mahali hujitafutia watu. Katika jengo letu undugu ulitengenezwa haraka kwa vitu vidogo: aliyetoka Nairobi alirudi na unga wa mahindi, aliyetoka Dar es Salaam alileta dagaa, na aliyekuwa stendibai ndiye aliyepika. Hatukuwa tumechaguana. Ofisi ya makazi ilitupanga, na baada ya muda tukawa tunapigiana simu kuulizana kama fulani ametua salama. LA to Vegas inaielewa hali hiyo ya watu waliokutanishwa na ratiba. Artem, Nichole na Colin hawana sababu yoyote ya kufahamiana na Ronnie nje ya safu za viti, na kwa muda mrefu hakuna anayediriki kuuita uhusiano huo urafiki. Wanabishana, wanawekeana dau, wanatoleana siri, na Jumapili ikifika mmoja asipoonekana wengine wanamuulizia. Mapenzi ya kuvutana kati ya Ronnie na Colin, ambayo ni wazi kituo kilitaka yawe uti wa mgongo wa kipindi, kwangu ni sehemu dhaifu kuliko zote. Yanakwenda mwendo tunaoujua tangu zamani, na kila yanapoanza natamani kurudi jikoni kwa Bernard.

Udhaifu mwingine ulikuwa mwanzoni. Sehemu za awali zina haraka ya kumtambulisha kila mtu, zinasukuma mizaha ya ngono na pombe kana kwamba Vegas yenyewe haijulikani kwa mambo hayo, na aliyeacha kutazama baada ya wiki mbili simlaumu. Kuanzia katikati ya msimu waigizaji wanaanza kusikilizana. McDermott anaacha kungoja zamu yake na kuanza kuwajibu wengine. Peter Stormare, Mswidi aliyetisha watu katika filamu ya Fargo na aliyewahi kuwa mwanaanga Mrusi katika ile ya Armageddon, anagundua kwamba Artem anachekesha zaidi anaponong'ona. Vichekesho vingi vinavyopendwa leo vilikuwa hivyo hivyo katika sehemu zao 10 za mwanzo, na vilikua kwa sababu kituo kilikubali kungoja.

Fox haikungoja, na ukitazama mwaka wenyewe unaweza kuona kwa nini. Desemba 2017 Disney ilikuwa imetangaza kuinunua sehemu kubwa ya kampuni mama, ikiwamo studio ya kutengeneza vipindi, huku kituo chenyewe kikibaki nje ya mauzo. Januari 2018 Fox ikapata haki za kuonyesha mechi za Alhamisi za mpira wa miguu wa Kimarekani kwa miaka mitano, kwa fedha nyingi sana. Kituo kilichokuwa kinakaribia kutenganishwa na studio yake, na kilichokuwa kinajipanga upya kuzunguka michezo, hakikuwa na hamu ya kulea kichekesho chenye watazamaji wachache na waigizaji wenye majina. Mei hiyo kikakata Brooklyn Nine-Nine, The Mick, The Last Man on Earth na LA to Vegas, na kikatangaza kukirudisha Last Man Standing, kichekesho cha Tim Allen ambacho ABC ilikuwa imekiacha mwaka mmoja nyuma. Brooklyn Nine-Nine ilichukuliwa na NBC karibu papo hapo, baada ya mashabiki kupaza sauti. Ndege ya Jackpot haikupata wa kuichukua, ijapokuwa miongoni mwa watayarishaji wake wakuu walikuwamo Will Ferrell, Adam McKay na Steven Levitan, mmoja wa waanzilishi wa Modern Family. Levitan, kwa njia, alikuwa ameandikia Wings katika miaka ya mwanzo ya kazi yake. Kwa maneno mengine, mtu aliyejifunza kuendesha kichekesho cha ndege kisichoruka alirudi zaidi ya miaka ishirini baadaye kusaidia kuendesha kimoja kisichotua.

Nimekitazama tena mwaka huu, nikiwa nimekwisha kuiacha kazi ya ndege na kurudi Mombasa, na swali lililonishughulisha ni kama msimu wa pili ungekifaa. Nadhani ungekifaa, na wa tatu ungekiua. Kipindi kilikuwa kimejifunga kwenye ahadi moja: Ronnie anataka kuondoka. Akiondoka, kizimba kinavunjika, kwa kuwa njia ndefu anayoitamani ndiyo ile yenye majina mapya kila siku na viti ambavyo hakuna abiria anayevirudia. Asipoondoka miaka ikapita, anakuwa kichekesho cha aina nyingine, kile cha mtu anayetangaza kila Ijumaa kwamba hii ni wiki yake ya mwisho, na wapo wengi wa namna hiyo katika kila shirika. Waandishi wangelazimika kuchagua. Mimi ningewashauri wampe kazi hiyo katikati ya msimu wa pili, wampeleke mbali na wenzake waliomzoea, katika ndege pana yenye wahudumu kumi na wanne asiowajua hata mmoja, na wamrudishe Ijumaa moja kwenye ndege ya Jackpot akiwa abiria, ameshika tiketi, akimwangalia mtu mwingine akifanya kazi na Bernard. Nusu saa moja ya namna hiyo ingekuwa na vicheko vya kutosha, na ingeeleza kuhusu kazi hii zaidi ya sehemu zote 15 zilizopo.